Stima Ikipotea Katikati ya Wimbo: Mambo ya Kuzingatia Kabla ya Hafla

Muziki ukikatika katikati ya hafla, macho yote hugeukia spika. Mara nyingi spika hazina hatia. Tatizo huwa kati ya laptopu na mikseri (mtambo unaochanganya sauti kabla hazijafika kwenye spika): chaja, waya, au faili iliyotumwa asubuhi hiyo kwa WhatsApp. Ukaguzi uanzie huko, na kila kifaa kiulizwe swali moja tu: hiki kikizima sasa hivi, nini kitaendelea kucheza?

Hapa Nairobi mtihani wa kwanza ni stima. Ukumbi kuwa na jenereta hakutoshi. Kuanzia stima ipotee hadi jenereta ishike, sekunde kadhaa hupita, na hizo zinatosha kuzima mikseri ya dijitali, ambayo ikirudi huwaka upya polepole huku wageni wakikutazama. Laptopu ina betri yake. Mikseri na kadi ya sauti ya nje kwa kawaida hazina. Hizo ndizo za kuchomeka kwenye UPS, kifaa chenye betri kinachoshika papo hapo stima ikipotea. Ampilifaya usizitie humo, zitaimaliza betri kabla hujageuka. Kisha ijaribu UPS na jenereta yenyewe. Jenereta ndogo ambayo mwendo wake unapanda na kushuka hutoa umeme usiotulia kwenye hezi 50 (kasi ya kawaida ya mawimbi ya stima yetu), na UPS nyingi huukataa zikaendelea kula betri. Taa za ukumbi zinawaka vizuri, kumbe UPS yako inakata roho.

Njia ya kujua ni kuchomoa. Kabla wageni hawajafika, wimbo ukiwa unacheza, ng'oa plagi ya ukutani uone. Mafundi wengi hukwepa hatua hii, ndiyo maana kasoro hujitokeza mbele ya bibi harusi.

Ukichomeka chaja ukasikia mvumo kwenye spika, tumia DI boksi (kisanduku kinachowekwa kati ya kifaa na mikseri) yenye transfoma kutenganisha ardhi, yaani waya wa erthi, ya laptopu na ya mikseri. Wako wanaoukata ule mguu wa ardhi wa plagi. Usiwaige: siku kifaa kitakapovuja umeme, atakayeshika maikrofoni ndiye atakayepigwa shoti.

Waya nao una vituko vyake. Jeki ndogo ya laptopu hubeba sauti mbili, ya kushoto na ya kulia. Ukiiunganisha kwa waya usiofaa kwenye tundu moja la mikseri lililoundwa kwa sauti ya balansi (sauti moja inayopita kwenye nyaya mbili, mmoja ukiwa kinyume cha mwingine), mikseri huondoa upande mmoja kutoka kwa mwingine. Chochote kinachofanana pande zote mbili hufutika, na katika nyimbo nyingi hicho ni sauti ya mwimbaji. Unabaki na mwangwi na magitaa yaliyopotea njia, watu wakisema wimbo umeharibika. Dawa ni waya unaogawanyika mara mbili, au DI boksi ya njia mbili. Nunua pamoja na wa akiba huko Luthuli Avenue mapema katika wiki. Jumapili alfajiri usitegemee kupata duka lililo wazi. Na Bluetooth? Hapana. Ukumbi mtupu itakubali, lakini miili ya watu hunyonya mawimbi yake, na ukumbi ukijaa huanza kukwama.

Faili zote ziwe ndani ya diski ya laptopu, si kwenye flashi wala mtandaoni. Mwombe mteja atume nyimbo kama dokumenti, kisha sikiliza kila moja hadi mwisho, maana nyingine zina kimya kirefu mwanzoni na nyingine hukatika dakika ya pili. Zipe majina yanayoanza na namba kwa mpangilio wa ratiba ya hafla. Weka programu ya kuchezea isimame kila wimbo unapoisha. Hotuba ya mzee isije ikaingiliwa na rumba. Zima intaneti, arifa, masasisho na usingizi wa kompyuta.

Laptopu ya pili si anasa. Iwe na faili zilezile, kwenye chaneli yake ya mikseri iliyonyamazishwa, na ibonyezwe pamoja na ya kwanza. Moja ikiganda, unafungua chaneli ya nyingine na wimbo unaendelea. Laptopu iliyo ndani ya begi haikusaidii. Simu yako pia siihesabu. Itapigwa tu wakati wa maombi.

Hafla ikiwa nje, kama Uhuru Gardens, mitambo iwe chini ya kivuli, na kuanzia Machi hadi Mei turubai liwe karibu. Suala la kibali muulize mwandalizi mapema, kwani kanuni za kudhibiti kelele zipo tangu 2009.

Kwenye hafla ya serikali, ulizia nyimbo za taifa kabla ya jambo lingine. Mara nyingi wimbo wa taifa huambatana na ule wa Jumuiya ya Afrika Mashariki uliopitishwa 2010. Afisa wa itifaki akwambie upi unatangulia, ni beti ngapi, na kama ni ala tupu au wenye maneno. Mkubaliane pia nani atakupa ishara. Emsii akisema “tusimame,” viti bado vinagongana. Ngoja mkono wa itifaki.