Kaa upande wa bahari: namna ya kupanga safari ya gari kwenye barabara zenye mandhari

Kwenye familia yangu mimi ndiye dereva, mume wangu anashika ramani, na watoto ndio wanaoamua tusimame wapi hata kama hawajui kwamba wanaamua. Ndiyo maana nikianza kupanga safari siulizi barabara gani ni nzuri. Kwenye picha zote ni nzuri. Nauliza bahari au bonde litakuwa upande gani wa gari.

Chukua Great Ocean Road ya Australia, kilomita 243 kutoka Torquay hadi Allansford. Kule magari hupita kushoto. Ukianzia Torquay kuelekea magharibi, bahari iko kushoto kwako. Ukiona pa kusimama unaingia moja kwa moja, bila kukatisha mbele ya gari linalokuja. Ukiianza kutokea upande wa pili, maji utayaona kwa kupenya katikati ya magari ya wenzako. California mambo yanageuka, kwa sababu wao hupita kulia: barabara namba 1 inayopitia Big Sur iendeshe ukishuka kusini kutoka Monterey. Chapman's Peak kule Cape Town, kilomita 9 tu lakini kona 114, inapendeza zaidi ukitoka Noordhoek kwenda Hout Bay. Tazama ramani, jiulize nchi hiyo inapita upande gani, kisha ndipo uamue utalala mji upi usiku wa kwanza.

Kama kwenye gari kuna mtu anayeogopa vimo, fanya kinyume. Mama mkwe wangu hataki kabisa kuona ukingo. Tukiwa naye tunapita upande wa mlima, yeye anakaa karibu na mwamba na tunaelewana vizuri.

Jambo la pili ni jua, na hili wengi hulisahau. Asubuhi endesha kuelekea magharibi, alasiri kuelekea mashariki, ili jua likae mgongoni. Ukilikabili usoni huoni mandhari wala mwenda kwa miguu. Sasa rudi kwenye Great Ocean Road: unaelekea magharibi, na ile miamba maarufu ya Twelve Apostles iko mbele, karibu na Port Campbell. Ukitaka kumaliza yote siku moja, saa za mwisho utaendesha umekunja uso. Bora ulale Lorne au Apollo Bay, uendelee asubuhi. Na kabla ya kuondoka futa kioo cha mbele kwa ndani. Ukungu ule wa mafuta hauonekani mpaka jua liupige.

Kuhusu umbali, sahau kilomita, hesabu saa. Mimi nagawa kilomita kwa 40 nikiwa na watoto, na kwa 50 tukiwa watu wazima watupu. Nikipata zaidi ya saa nne za magurudumu kuzunguka kwa siku, naifupisha safari. Mfano wake ni Blue Ridge Parkway ya Marekani, kilomita 755 kutoka hifadhi ya Shenandoah, Virginia, hadi Great Smoky Mountains, North Carolina. Mwendo unaoruhusiwa ni kama kilomita 72 kwa saa, sehemu nyingine chini ya hapo. Malori ya biashara hayaruhusiwi, na hiyo ni raha tupu. Lakini kwenye barabara yenyewe hakuna kituo cha mafuta, inabidi utoke kwenda mji wa karibu. Anayeimaliza yote na watoto wadogo anakuwa anawakomoa. Chagua kipande kimoja, tena angalia kwanza kama kiko wazi, kwa sababu kimbunga Helene cha Septemba 2024 kiliharibu sehemu nyingi za upande wa North Carolina.

Programu ya ramani kwenye simu itakuangusha hapa. Kazi yake ni kukufikisha haraka, na barabara nzuri karibu siku zote ndiyo ndefu. Ilazimishe: weka vituo vya katikati, kimoja baada ya kingine, juu ya barabara unayoitaka, hadi mstari ukubali kupita hapo. Halafu pakua ramani yote kabla ya kutoka. Icefields Parkway ya Kanada, kilomita 232 kati ya Lake Louise na Jasper, sehemu kubwa haina mtandao wa simu, na katikati mahali pa kujaza mafuta ni pamoja tu, Saskatchewan River Crossing. Kwenye barabara za namna hiyo mimi hujaza tangi mjini hata kama bado ni nusu.

Kisha soma masharti ya barabara yenyewe. Going-to-the-Sun Road huko Montana, Marekani, inapanda hadi Logan Pass, mita 2,025 juu ya usawa wa bahari, na kwa sababu ya theluji mara nyingi haifunguki yote hadi mwishoni mwa Juni au Julai. Kipande chake cha juu hakipokei gari lenye urefu wa zaidi ya mita 6.4, kwa hiyo waliokodi gari la kulala wajipange mapema. Barabara ya Grossglockner ya Austria, iliyofunguliwa mwaka 1935, ni ya kulipia na hufungwa majira ya baridi. Sani Pass inayopanda kutoka Afrika Kusini hadi Lesotho inataka gari linalovuta kwa magurudumu yote manne, tena inavuka mpaka, kwa hiyo pasipoti za watoto zisibaki hotelini. Iceland barabara namba 1 inayozunguka kisiwa inapitika kwa gari dogo wakati wa kiangazi, ila zile za ndani zinazoanza na herufi F ni kosa kisheria kuziingia bila gari linalovuta kwa magurudumu yote manne. Usidanganywe na ukavu wa mwanzo wa njia.

Sasa kichefuchefu, maana hiki ndicho kinachoharibu safari za familia kuliko mvua. Sikio la ndani linauambia ubongo kwamba mwili unayumba, macho yaliyoganda kwenye simu au kitabu yanasema umetulia. Ubongo unachanganyikiwa, na tumbo ndilo linalolipa. Watoto wa miaka 2 hadi 12 ndio wanaopata shida zaidi, ingawa kwetu bingwa ni mume wangu. Ramani yenyewe ndiyo iliyokuwa inamtapisha, kwa hiyo siku hizi simu inatusomea njia kwa sauti na yeye anatazama mbele. Kwenye kona hakuna skrini kwa mtu yeyote. Mwenye tumbo jepesi akae pale anapoweza kuona barabara mbele, ila mtoto anayestahili kiti chake abaki kwenye kiti chake, hilo halina mjadala. Fungua dirisha kidogo. Wale chakula chepesi kabla ya kuondoka, wasiwe na njaa wala wasishibe sana. Dawa muulize mfamasia, na dereva asimeze inayoleta usingizi.

Dereva naye ana sehemu yake. Punguza mwendo kabla ya kona, si ndani ya kona, halafu toka taratibu. Ukishika breki katikati, vichwa vyote vya nyuma vinarushwa mbele na pembeni kwa mpigo. Jifunze na dalili: miayo mfululizo, jasho jembamba juu ya mdomo, uso kupauka. Kwetu dalili kubwa ni ukimya. Mtoto mwongeaji akinyamaza ghafla, tafuta pa kuegesha wakati huohuo, usisubiri aseme. Mifuko na taulo yenye maji vikae mfuko wa nyuma wa kiti cha mbele, si kwenye buti.

Kwenye mteremko mrefu, gia ndogo. Kwa gari la otomatiki sogeza hadi L au 2, au hali ya kuchagua gia mwenyewe, uiache injini ilishike gari. Breki ukikanyaga muda wote zinapata moto hadi nguvu inapungua, na utazijua kwa harufu kali ya kuungua. Ukiisikia, ingia mahali pa kusimama, ziache zipoe zenyewe, usimwagie magurudumu maji. Mtoto mchanga apewe chupa au chuchu ya bandia anyonye wakati mnashuka, akiwa kwenye kiti chake, masikio yatazibuka. Wakubwa wameze mate au wapige miayo.

Kusimama, sheria yangu ni kwamba kila mtu ana kituo kimoja anachokichagua mwenyewe kwa siku, na hakuna kumkosoa. Mdogo wetu huchagua pale penye choo, basi, ni haki yake. Watoto washukie mlango usioelekea magari yanayopita, mtu mzima akitangulia. Usisimame kwenye kona hata kama maporomoko ya maji yanakuita. Magari yakijipanga nyuma yako, ingia pembeni uyaachie yapite, wengine wanakwenda kazini. Na kwa kuwa dereva haruhusiwi kushangaa, mimi huwa wa mwisho kurudi garini kila tunaposimama. Wamezoea kunisubiri.

Mwisho buti. Makoti ya mvua juu, mabegi ya kulala chini. Kabla ya kusaini karatasi za gari la kukodi, inua zulia uangalie kama tairi la spea lipo. Magari mengi siku hizi yana kopo la dawa ya kuziba na pampu ndogo tu, na dawa hiyo haisaidii tairi lililochanika ubavuni. Ikiwa ni kopo, omba gari lenye spea na jeki. Wakikukatalia, chukua namba ya msaada wa barabarani na uiandike kwenye karatasi, maana huko unakokwenda simu inaweza isishike.