Kabla hujakaa kwenye dripu ya dawa za saratani

Ukitoka nyumbani kwenda Ocean Road au Muhimbili kuwekewa dripu, beba jina la dawa yako likiwa limeandikwa. "Ile nyekundu" haitoshi. Dawa ikivuja nje ya mshipa, huduma ya kwanza hutegemea imevuja ipi. Doksorubisini, ambayo ndiyo hiyo nyekundu, inataka baridi: barafu iliyofungwa kwenye kitambaa, dakika 15 hadi 20, mara nne kwa siku, kwa siku moja au mbili za mwanzo. Vinkristini inataka joto, na barafu inazidisha madhara. Kwa hiyo shoga yako aliyepona kwa barafu anaweza kukupotosha kwa nia njema kabisa. Mwombe nesi akuandikie jina kwenye daftari la kliniki, na umuulize kama dawa hiyo inaunguza ikivuja, maana si zote zinazounguza.

Mikono nayo ina maandalizi yake. Kama kuna harusi wiki hiyo, hina na piko zisubiri. Kwenye ngozi nyeusi wekundu hauonekani upesi, na ukiufunika kwa piko ndiyo basi tena. Bangili na pete ziache nyumbani, vaa mikono mipana. Aliyeondolewa tezi za kwapani wakati wa upasuaji wa titi aseme mapema, ili kanula, kijibomba chembamba cha dripu kinachoingia kwenye mshipa, iwekwe mkono wa pili. Kama daktari hajakuzuia, kunywa maji kabla; mishipa ikionekana vizuri hutachomwachomwa ovyo.

Halafu kuna suala la kuvumilia. Wengi wetu tunaona haya kumsumbua nesi mwenye foleni ya watu ukumbini. Hapa msumbue. Pakichoma, pakivuta, pakivimba karibu na kanula, au dripu ikipunguza mwendo ghafla, sema hapo hapo. Usingoje chupa iishe. Usiichomoe kanula mwenyewe wala kupakanda. Nesi atafunga dripu, atavuta kwa bomba la sindano dawa anayoweza kuipata kupitia kanula ile ile, ndipo aitoe. Mwombe achore kwa kalamu mpaka wa sehemu iliyovimba, kisha mkono uinuliwe juu ya mto.

Kwa doksorubisini ipo dawa ya kukinga, deksrazoksani, ambayo hutolewa kupitia mshipa wa sehemu nyingine na inatakiwa kuanza ndani ya saa 6 tangu dawa ivuje. Ni ghali na haipo kila hospitali, kwa hiyo ulizia siku ya kliniki, kabla hujaihitaji. Anayekaa Chanika au Mbagala anajua saa 6 zinavyoweza kuliwa na foleni ya barabarani. Namba ya wodi iwe kwenye simu yako na ya anayekusindikiza, maana maumivu mengine huanza ukiwa umeshafika nyumbani.

Nyumbani usipake dawa ya meno, asali wala mafuta. Piga picha kila siku, mchana, ukilinganisha na ule mstari wa kalamu. Kidonda kinaweza kuchelewa siku kadhaa, hata wiki, kwanza malengelenge, kisha ngozi nyeusi iliyokufa. Kikifika huko, daktari wa upasuaji anaweza kulazimika kukisafisha au kupandikiza ngozi. Ukirudi kwa mzunguko unaofuata, onyesha picha hizo kabla hujafungwa mpira mkononi, ili kanula mpya ikae mbali na pale palipovuja.