Kuihifadhi mashine ya kukata nyasi ya kukalia kabla baridi haijaingia

Ndugu mlioko Minnesota, Ohio na majimbo mengine ya theluji huko Marekani, nyasi zikishaacha kukua wengi wanaiingiza tu mashine gereji wanafunga mlango, alafu Aprili wanashangaa haiwaki. Mara nyingi mchawi ni petroli. Ya huko nyingi ina ethanoli mpaka asilimia 10 na ethanoli inavuta unyevu, ikikaa miezi kadhaa petroli inachacha na kuacha utandu kama gundi ndani ya kabureta (kile kifaa kinachochanganya petroli na hewa), hapo fundi anakula hela yako bure kwa kitu ambacho kichupa kimoja cha stabilaiza (dawa ya kuzuia petroli isichache) kingezuia. Kwahiyo jaza petroli mpya, weka stabilaiza kwa kipimo kilichoandikwa kwenye chupa, washa injini dakika kama 10 ili dawa ifike mpaka kwenye kabureta. Na ni nje, sio gereji hata kama mlango uko wazi, kwenye moshi ule kuna kaboni monoksaidi, haina harufu na inaua.

Injini ikiwa ya uvuguvugu ndo umwage oili, inatoka na uchafu wake. Filta ya oili badilisha hapohapo.

Sasa visu, hapa ndo vidole vinaenda. Zima, toa ufunguo, vuta breki, chomoa waya wa plagi ya injini, ile ya cheche, uuweke mbali. Kuna mjuaji atakwambia kisu kinavutwa na mkanda kwahiyo haina haja, we chomoa tu. Na usijilaze chini ya mashine iliyoinuliwa na jeki peke yake, weka stendi. Nyasi zilizogandamana huko chini kwangua zote kwa kipande cha mbao, zikikaa na unyevu wao zinakula bati. Ukishanoa kisu kitundike kwenye msumari kwa tundu la katikati, upande unaoshuka ndo mzito, upitishe tupa tena kidogo kidogo mpaka kitulie sawa, la sivyo mashine itatetemeka na beringi zitakufa.

Betri anza kutoa waya wa hasi, ndo ufuate wa chanya. Ichaji ijae, maana betri iliyoisha chaji inaganda kwenye baridi kali na kupasuka.

Pa kuweka: popote pakavu, ila sio chumba chenye hita ya maji ya gesi, kale kamoto kake na mvuke wa petroli havikai pamoja. Panya nao wanapenda sana kujenga chini ya kava la injini, kwahiyo Aprili kabla hujagusa ufunguo fungua kava uangalie, toa manyasi na matambara yote waliyojaza, injini ikipata moto yanashika.