Jinsi ya kuiangalia muvi ya Zulu (1964) ukaielewa vizuri

Kama unataka kuangalia Zulu, ile ya 1964 ya Stanley Baker na Michael Caine akiwa bado kijana hajawa staa, usibonyeze plei kwanza. Soma kidogo kuhusu Januari 1879 mana muvi haikwambii ugomvi ulianzaje. Desemba 1878 Waingereza walimpelekea Cetshwayo, mfalme wa Wazulu kule Afrika Kusini, masharti ambayo asingeweza kuyakubali, mojawapo avunje mfumo wake wa jeshi, alafu tarehe 11 Januari wakaingia nchini kwake. Kwaiyo aliyevamiwa ni Mzulu, ilo likae kichwani, kwasababu humu utawaona Waingereza wamejibanza nyuma ya magunia ya mahindi utadhani wao ndo wamefuatwa nyumbani.

Tarehe 22 Wazulu waliwafyeka Waingereza kwenye mlima wa Isandlwana, upande wa Waingereza wakafa zaidi ya watu 1,300, na siku iyoiyo alasiri Wazulu kama 3,000 mpaka 4,000 wakaenda kuvamia kituo kidogo cha Rorke's Drift chenye watu kama 150. Muvi ni iyo alasiri na usiku wake.

Sasa iangalie mara mbili. Ya kwanza iache ikubebe tu, zima taa, tafuta spika ya maana sio ya simu, mana utamu wake mkubwa uko masikioni. Kuna sehemu askari wanasubiri kwenye ukuta wao, milima iko kimya, alafu unaskia kitu kama treni linakuja kwa mbali na huku hakuna reli. Ni mikuki inagongwa kwenye ngao. Cy Endfield, dairekta, anakuacha na ule mlio kwanza kabla hujaona mtu, na wakitokea wanajaza mgongo mzima wa kilima. Nimeiona mara nyingi na bado nasisimka.

Mara ya pili hamia upande wa Wazulu. Sisi tuliokulia mabanda ya video tumezoea kumfuata stelingi, na humu mastelingi ni maofisa wa Kiingereza, wao ndo wana majina na hofu na utani, wakati wapiganaji wa Kizulu karibu wote hawana jina. Kazi ya kuwaona inabaki kwako. Kuna wimbi la kwanza linakuja likisimama wazi mbele ya risasi, watu wanaanguka, na ukidhani ni ujinga angalia juu kilimani, kamanda ametulia, anahesabu bunduki za adui. Pia yule Adendorff, ofisa wa upande wa Waingereza, akichora chini kwa kijiti kichwa na pembe za nyati, simamisha picha uangalie vizuri, mana ni mbinu ya enzi za Shaka, na Wangoni walivyokimbia kule wakapanda mpaka Songea walikuja na vita vya namna iyo iyo.

Alafu jua kilichotungwa. Kuimba kwa kujibizana kati ya askari na Wazulu haikuwepo, na ile saluti ya Wazulu mwishoni haikuwepo pia, waliondoka wakati jeshi la Chelmsford, mkuu wa majeshi ya Waingereza, linakaribia. Hook, yule askari anayeonyeshwa mlevi, kiukweli hakuwa mlevi. Na kilichofichwa kinauma zaidi, majeruhi wa Kizulu waliobaki uwanjani waliuawa baada ya vita, muvi haigusi kabisa.

Kitu kimoja walifanya vizuri sana, Cetshwayo ameigizwa na Mangosuthu Buthelezi, kitukuu wa mfalme mwenyewe. Mwangalie alivyokaa mwanzoni, hafanyi papara.

Mwishoni sauti ya Richard Burton inasoma majina 11 ya waliopewa Victoria Cross, nishani ya juu kabisa ya ushujaa ya Waingereza. Usizime. Mi huwa namtaja hapo Dabulamanzi kaMpande, mdogo wake Cetshwayo wa baba mmoja, ndo aliongoza yale mashambulizi, na vikosi vyake uThulwana, uDloko, iNdlondlo na iNdluyengwe, wengi wakiwa watu wazima wenye wake, waliokuwa kikosi cha akiba Isandlwana.