Namna ya Kudai Malipo ya INCAP kwa Askari wa Akiba wa Marekani Aliyeumia Kazini

Wapo wasemaji wa Kiswahili wanaolitumikia Jeshi la Akiba au Ulinzi wa Taifa nchini Marekani mwisho mmoja wa juma kila mwezi, huku riziki yao ya kila siku ikitoka katika nyumba za wazee, maghala, malori na teksi za kuitwa kwa simu. Askari wa namna hiyo anapoumia mgongo au goti mafunzoni, hasara humpata mara mbili, kwa kuwa hawezi kutimiza kazi ya jeshi na wala hawezi kurudi katika kazi inayomlipia pango. Sheria ya shirikisho, katika kifungu cha 204 cha Juzuu ya 37, inampa haki ya kulipwa katika kipindi hicho, na vikosini malipo hayo hujulikana kwa jina la INCAP, kifupi cha neno la Kiingereza incapacitation, yaani kushindwa kufanya kazi. Ninashughulikia makaratasi ya askari katika kikosi cha akiba cha nchi kavu, na mwongozo huu nimeuandika baada ya kumsaidia mwenzangu mmoja, mhudumu wa wagonjwa katika nyumba ya wazee, ambaye dai lake lilirudishwa mara kwa mara kwa sababu ya barua ya mwajiri, ingawa hakuna aliyelitilia shaka jeraha lake. Ndiyo sababu hatua ya nne ni ndefu kuliko nyingine zote.

Hatua ya kwanza: hakikisha kwamba INCAP ndiyo inayokufaa

Sheria humhusu askari aliyepata jeraha au ugonjwa, au aliyezidishiwa hali aliyokuwa nayo, akiwa kazini, mafunzoni, au njiani moja kwa moja kwenda au kutoka huko. Haimhusu aliyeumia kwa utovu wa nidhamu au uzembe uliokithiri.

Ikiwa uliumia ukiwa katika utumishi wa muda wote kwa amri ya kuitwa kazini ya zaidi ya siku 30, usiikimbilie INCAP. Kabla amri hiyo haijaisha, omba kwa maandishi ubakizwe katika utumishi ili utibiwe. Njia hiyo naipendelea waziwazi, kwa kuwa mshahara huingia kama kawaida, bima ya afya ya jeshi huendelea, nawe hulazimiki kuthibitisha kipato chako upya kila mwezi. INCAP ni ya yule ambaye amri yake imeshakwisha, au aliyeumia katika mafunzo ya mwisho wa juma.

Hatua ya pili: pata uamuzi wa LOD

LOD (kwa Kiingereza line of duty) ni uamuzi rasmi kwamba jeraha lilipatikana katika utumishi, na bila huo hakuna malipo. Fomu yake katika jeshi la nchi kavu ni DA 2173, ambayo sehemu moja hujazwa na mtoa tiba na nyingine na kikosi. Ambatisha amri iliyokuita kazini au orodha ya mahudhurio ya siku hiyo, pamoja na maelezo ya mashahidi waliyoyatoa kwa kiapo katika fomu DA 2823. Toa taarifa siku ileile uliyoumia, hata kama unadhani maumivu yatapoa, kwa maana kanuni za Wizara ya Ulinzi zinaweka ukomo wa siku 180 baada ya utumishi kumalizika, na kadiri siku zinavyopita ndivyo mashahidi wanavyosahau au kuhama. Kama ulikuwa na maumivu ya zamani, mwombe daktari aandike wazi kwamba utumishi uliyazidisha, iwapo ndivyo anavyoona kitabibu.

Hatua ya tatu: ushauri, daktari wa jeshi na ngazi yako

Utasaini fomu DA 7574-2 kuthibitisha kwamba umeelezwa haki na wajibu wako. Kisha daktari wa jeshi atajaza DA 7574-1, akieleza kama unaweza kufanya kazi za kijeshi au la. Mpelekee kumbukumbu zote za matibabu ya kiraia.

Maelezo ya daktari huyo ndiyo yanayoamua ngazi yako. Katika ngazi ya kwanza huwezi kufanya kazi za kijeshi, kwa hiyo unastahili mshahara na posho zote za askari wa muda wote wa cheo chako na miaka yako ya utumishi, ikipunguzwa fedha uliyoipata katika kazi ya kiraia mwezi huo. Katika ngazi ya pili kazi za kijeshi unaziweza, lakini jeraha limekupunguzia kipato cha kiraia, nawe hulipwa kiasi ulichopoteza bila kuzidi mshahara na posho hizo.

Tuchukue mfano wa askari ambaye mshahara na posho zake za kijeshi zingekuwa dola 5,000 kwa mwezi. Akiwa ngazi ya kwanza na akapata dola 1,200 kwa mwajiri wake, atalipwa 3,800. Akiwa ngazi ya pili na akapoteza dola 2,000, atalipwa 2,000. Akipoteza 6,500, atalipwa 5,000 tu.

Wanafunzi na wasio na ajira huambiwa mara nyingi kwamba INCAP si yao. Hilo si kweli kwa ngazi ya kwanza, ambayo msingi wake ni kushindwa kazi za kijeshi. Hata hivyo ni lazima uandike na kusaini kwamba hukupata kipato chochote mwezi huo.

Hatua ya nne: thibitisha kipato cha kiraia

Hapa ndipo madai mengi ninayoyaona yanapokwama. Mkaguzi wa madai hakujui wala hajui kazi yako inavyofanyika, naye hutafuta jambo moja: je, karatasi zinaonyesha kwamba jeraha hilihili ndilo lililosababisha upungufu huuhuu katika mwezi huuhuu?

Anza na barua ya mwajiri. Barua ya sentensi mbili inayosema kwamba fulani ni mfanyakazi wetu na yuko likizo haina faida. Itaje cheo chako, kazi unazozifanya kwa mwili, malipo kwa saa, wastani wa saa kwa juma kabla ya kuumia, tarehe kamili ulizokosa na sababu ya kuzikosa, kisha isainiwe na mtu mwenye mamlaka, jina na simu yake vikiwepo. Mwenzangu niliyemtaja alikuwa na cheti cha daktari kilichomkataza kuinua mizigo mizito, lakini barua ya mwajiri haikusema popote kwamba kazi yake ni kuwainua na kuwageuza wagonjwa vitandani. Kwa mkaguzi, karatasi hizo mbili hazikuwa na uhusiano wowote. Mwajiri alipoongeza maelezo ya kazi, dai lilipita. Nashauri uandike rasimu wewe mwenyewe na kumpa mwajiri airekebishe na kuisaini, kwa sababu ofisi za rasilimali watu zina barua zao za kawaida na hazijui jeshi linataka nini.

Jambo la pili ni likizo yenye malipo, na hapa naomba usome polepole. Sheria inasema kwamba fedha ya likizo ya ugonjwa, ya likizo ya mwaka au ya bima ya kulinda kipato, ambayo umechagua kuipokea, huhesabiwa kuwa kipato. Maana yake ni kwamba ukitumia siku zako za likizo ili upate fedha haraka, unaziteketeza na wakati huohuo INCAP inapungua kwa kiasi kilekile. Kwa upande mwingine, INCAP haiji upesi, na mwenye watoto hawezi kungoja kwa mikono mitupu. Mwenye akiba ya kumvusha, namshauri aombe likizo isiyo na malipo. Asiyekuwa nayo atumie siku zake na azitangaze zote. Vilevile, baadhi ya waajiri humlazimisha mfanyakazi kumaliza likizo yenye malipo kwanza, jambo ambalo sheria ya likizo ya familia na matibabu inawaruhusu kulifanya. Ikiwa hayo yamekupata, mwajiri aandike kwamba hukuchagua, kwa sababu sheria ya INCAP inazungumzia kile ulichochagua. Usifiche hata dola moja, kwani unasaini tamko kwa serikali, na fedha iliyolipwa kimakosa hukatwa baadaye katika mshahara wako.

Jambo la tatu ni wanaojiajiri: madereva wa teksi za simu, wenye malori yao, wasusi, wapishi wa sherehe. Kwenu barua ya mwajiri haipo, kwa hiyo ushahidi ni ritani ya kodi ya mwaka uliotangulia pamoja na jedwali lake C linaloonyesha faida au hasara ya biashara, fomu za 1099 zinazoonyesha malipo uliyopokea bila kuwa mwajiriwa, taarifa za mapato za kila juma na taarifa za benki. Kinachohesabiwa ni faida baada ya mafuta, matengenezo na ada. Jumla waliyolipa wateja haitoshi. Anayetangaza faida ndogo sana kwenye kodi kisha akadai hasara kubwa kwenye INCAP ataulizwa, na hatakuwa na jibu. Tengeneza jedwali la ukurasa mmoja linaloonyesha faida ya kila mwezi kabla na baada ya kuumia, na kila tarakimu ielekeze kwenye karatasi iliyoambatishwa.

Mwenye kazi mbili alete uthibitisho wa zote mbili, hata ile ambayo haikuathiriwa.

Hatua ya tano: wasilisha dai la kila mwezi

Jaza DA 7574 mwezi unapokwisha. Kila mwezi una dai lake. Kusanya karatasi zote za mwezi huo katika faili moja ya PDF iliyopitishwa kwenye skana, ipe jina la mwaka na mwezi, na uitume kwa barua pepe ili tarehe ibaki kwenye kumbukumbu. Usitume picha za simu kwa WhatsApp, wala usimkabidhi mtu karatasi asilia mafunzoni. Aliye ngazi ya kwanza asisaini orodha ya mahudhurio, kwa kuwa hawezi kulipwa kwa mafunzo yaleyale anayosema hayawezi.

Hatua ya sita: miezi sita

Malipo huishia miezi sita, isipokuwa Waziri wa Jeshi, au aliyekasimiwa mamlaka yake, ayaongeze kwa msingi wa haki na usawa. Usingoje mwezi wa sita uishe. Mwezi wa nne mwombe daktari maelezo mapya kuhusu matarajio ya kupona, na mwulize kamanda kama utapelekwa kwenye tathmini ya ulemavu. Fidia ya Idara ya Maveterani unaweza kuiomba, ila haiwezi kulipwa kwa siku zilezile unazolipwa mshahara wa jeshi.

Hatua ya saba: dai likikataliwa

Taka sababu kwa maandishi, kisha ujibu sababu hiyo peke yake kwa karatasi mpya. Kikosi kikikaa kimya, mwandikie mkaguzi mkuu wa jeshi au ofisi ya mbunge wako wa Bunge la Marekani. Njia hizo zikifungwa, Bodi ya Kusahihisha Kumbukumbu za Jeshi hupokea maombi kwa fomu DD 149 ndani ya miaka mitatu tangu ulipogundua kosa. Ambatisha humo faili za PDF za miezi yote, zikiwa zimepangwa kwa tarehe.