Andika "ikiwa" kabla hujanunua mzigo

Wewe unayetoa vitunguu Mang'ola kupeleka Dar, usipange safari kwa bei moja tu kichwani. EWURA, mamlaka inayodhibiti nishati na maji Tanzania, hutangaza bei kikomo za mafuta Jumatano ya kwanza ya kila mwezi, na dizeli ikipanda, nauli ya gunia nayo haikai. Masika nayo, Machi hadi Mei, yanaweza kulaza lori njiani mpaka vitunguu vianze kulainika ndani ya magunia.

Mimi kabla sijatoa hata shilingi huandika daftarini. Ikiwa nauli itapita kiasi nilichoweka, nachukua nusu ya mzigo. Ikiwa njia imeharibika, nashusha Arusha, faida ndogo inatosha. Ikiwa nimefika na bei imeshuka chini ya gharama, nauza siku hiyohiyo. Hapo ndipo pagumu jamani! Umesimama sokoni, gunia ukiligusa lina unyevu, na moyo unakwambia kesho itapanda. Fungua daftari, fuata ulichoandika ukiwa umetulia.

Na mtaji wa safari inayofuata uweke kwenye laini nyingine ya simu, usiuguse kwa mzigo huu.