Somo: Kukagua, kutengeneza na kuilinda deki ya mbao kwenye nchi ya barafu

Aprili iliyopita nilikwenda kwa mama mmoja mwenzetu hapa St. Paul, Minnesota. Alitaka nimbadilishie mbao mbili zilizopasuka kwenye deki, ile baraza ya mbao iliyo nyuma ya nyumba. Kabla ya kugusa chochote niliingia chini na tochi. Nilichomeka bisibisi kwenye ubao unaoishikiza deki ukutani, ikazama inchi nzima bila mimi kusukuma. Nilipoichomoa ilitoka na mbao nyeusi, laini kama mkate uliochovywa kwenye chai. Na juu ya deki hiyo, muda mfupi kabla sijafika, watoto watatu walikuwa wanaruka kamba.

Yule mama hakuwa mzembe. Deki yake ilifagiwa na kupakwa rangi kila mwaka. Tatizo ni kwamba sisi tuliolelewa kwenye joto tumefundishwa kumwogopa mchwa, na huku mchwa si shida kubwa. Huku adui ni maji yaliyokosa njia ya kutoka.

Baridi yenyewe haiozeshi mbao. Januari, kipimo kikiwa nyuzi 25 za Selsiasi chini ya sifuri, kuvu wanaokula mbao wamelala kabisa. Mwezi mbaya ni Machi. Mchana theluji inayeyuka, maji yanaingia kwenye ufa. Usiku yanaganda, na maji yakiganda huongezeka ukubwa kwa karibu asilimia 9, kwa hiyo ufa unapanuliwa. Kesho yake unaingiza maji mengi zaidi ya jana. Mchezo huo hurudiwa usiku baada ya usiku, kisha linakuja joto la Mei, kuvu wanaamka na kukuta mbao imelowa hadi ndani. Kila hatua nitakayoeleza hapa ina lengo moja: maji yatoke kabla hayajaganda.

Hatua ya 1: Ukaguzi, Aprili au Mei

Subiri theluji iishe na ardhi iyeyuke. Chukua bisibisi, tochi, nyundo, chaki na pima maji, kile kifaa cha kuonyesha kama kitu kimelala sawa. Anzia chini, maana juu ya deki patakudanganya. Choma kwa bisibisi ubao wa ukutani, vichwa vya boriti, vitako vya nguzo, mbao za ubavuni mwa ngazi, na mahali nguzo za kizuizi cha pembeni zilipofungwa. Mbao nzima hukataa ncha ya bisibisi. Ikizama zaidi ya robo inchi, weka alama ya chaki. Gonga pia kwa nyundo: mbao nzima hulia, iliyooza hutoa sauti ya kufa. Mwishoni simama juu, shika kizuizi kwa mikono miwili na kukitikisa kwa nguvu. Kikicheza, hakuna mtu wa kukiegemea mpaka kitengenezwe.

Hatua ya 2: Ubao wa ukutani

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu deki nyingi zinazoanguka huanzia hapa. Huu ni ubao mnene unaofungwa kwenye ukuta wa nyumba, na boriti zote upande huo zinauegemea. Ukiachia, deki yote inashuka kwa mara moja, bila onyo.

Angalia mambo mawili. La kwanza, umefungwa kwa nini? Ukiona misumari mitupu, hiyo si kazi. Msumari unachomoka jinsi mbao inavyovimba na kusinyaa kila msimu. Panatakiwa bolti au skrubu nene za nusu inchi zenye washa, zilizopangwa kwa zamu juu na chini. La pili, je, kuna bati la kukinga maji? Bati hilo huingia nyuma ya ukuta wa nje wa nyumba, likapinda na kufunika kichwa cha ubao, ili maji ya theluji iliyorundikana yamwagikie mbele. Deki ya yule mama haikuwa nalo. Maji yalitiririka kati ya ubao na ukuta miaka yote, na rangi aliyoipaka kila mwaka ilizidi kuyafungia humo.

Bati liwe la zinki nzito, shaba au plastiki ngumu ya kazi hiyo. Usitumie alumini tupu: mbao zilizotiwa dawa siku hizi zina shaba ndani, na shaba inaila alumini.

Ubao huu ukiwa umeoza, usiung'oe peke yako. Lazima deki ishikiliwe kwanza kwa nguzo za muda, na miji mingi huku inataka kibali cha ujenzi kwa kazi hiyo. Mlete fundi. Na kama ukuta wako ni wa matofali ya urembo ya nje, deki haitakiwi kuning'inia hapo. Ijengewe nguzo zake pande zote.

Hatua ya 3: Nguzo na misingi

Weka pima maji juu ya deki. Upande mmoja ukiwa umenyanyuka mwezi wa tatu kisha ukashuka mwezi wa tano, ardhi ndiyo inayousukuma. Udongo uliolowa ukiganda hujenga matabaka ya barafu, yakanyanyua zege kama jeki. Dawa yake ni kina. Sheria ya ujenzi ya Minnesota inataka msingi ushuke inchi 42 kusini mwa jimbo na inchi 60 kaskazini, yaani mita moja na nusu. Ukiona nguzo imekalishwa kwenye tofali la zege juu ya udongo, na deki imeunganishwa na nyumba, umejua kwa nini mlango wako wa nyuma unagoma kila Machi.

Kabla ya kuchimba piga 811, namba ya bure kwa Marekani nzima, waje kukuonyesha mabomba ya gesi na nyaya zilipopita. Piga siku kadhaa kabla.

Hatua ya 4: Kubadilisha mbao

Hii unaweza kuifanya mwenyewe. Ng'oa ubao mbovu, kisha tazama kichwa cha boriti iliyokuwa chini yake. Ikiwa imeanza kulainika juu tu, chonga sehemu iliyooza, pigilia boriti mpya ubavuni mwake, na bandika juu yake mkanda wa lami wa kuzuia maji. Ikiwa imeoza hadi kati, itoe.

Ubao mpya ulale juu ya boriti zisizopungua tatu. Kipande kifupi kinachoegemea boriti mbili tu hupindika. Nafasi kati ya ubao na ubao: kama mbao imekaushwa, weka msumari mnene katikati kama kipimo, upate karibu moja ya nane ya inchi. Kama imetoka dukani ikiwa nzito na majimaji ya dawa, ibananishe, kwani itasinyaa na nafasi itajifungua yenyewe.

Tumia skrubu za chuma cha pua au zilizochovywa kwenye zinki ya moto. Zile za rangi ya dhahabu za kufungia makabati zitaliwa na shaba ya dawa, na baada ya misimu michache kichwa kitabaki mkononi mwako. Kila unapokata ubao, paka dawa ya kuzuia kuoza kwenye kichwa kilichokatwa. Watu wengi huruka jambo hili, na ndiko maji yanakoingilia, kwa sababu mbao hunywa kwa vichwa vyake kama mrija.

Tahadhari moja nzito. Deki iliyojengwa Marekani kabla ya 2004 huenda ina mbao zenye dawa ya aseniki, ambayo ni sumu. Usizichome moto, hata kipande cha kuwashia nyama choma. Usizipige msasa bila barakoa ya vumbi, na vumbi likusanywe lisiingie kwenye bustani ya mboga.

Hatua ya 5: Kusafisha na kupaka

Osha kwa unga wa sodiamu pakaboneti, ule wa kutoa madoa ya nguo usio na klorini, uliyeyushwa kwenye maji, na brashi ya nyuzi ngumu. Usitumie jiki, inadhoofisha nyuzi za mbao na kuleta kutu. Ukitumia mashine ya maji ya kasi, isizidi psi 1,500 (kipimo cha msukumo wa maji), tumia mdomo mpana na uushike futi moja kutoka kwenye mbao. Nimeona deki zilizochimbwa mifereji kama shamba la matuta.

Acha ikauke siku mbili tatu za jua. Kisha paka mafuta yanayopenya, siyo rangi nzito wala vanishi. Mafundi wa majahazi pwani kwetu walilijua hili zamani: mbao walizipaka sifa, mafuta ya papa, yaliyoingia ndani ya nyuzi. Rangi nzito hukaa juu kama ngozi. Barafu ikiipasua mahali pamoja, maji huingia chini yake na hayatoki. Mimi mwenyewe deki yangu ya kwanza huku niliipaka rangi ya kijivu mara mbili, nikaridhika nayo sana, na kufikia Aprili ilikuwa inabanduka magamba na mbao ya chini imelowa.

Paka kipimo kikiwa kati ya nyuzi 10 na 32 za Selsiasi, jua lisiwe linachoma moja kwa moja, na ufute mafuta yaliyobaki juu bila kunyonywa. Matambara yenye mafuta yatandaze nje yakauke, au yazamishe kwenye ndoo ya maji. Ukiyafinyanga na kuyatupa kwenye pipa, yanaweza kushika moto yenyewe.

Hatua ya 6: Kabla ya theluji na wakati wake

Oktoba toa mapambo, mazulia na vyungu vya maua, na kwa kisu butu chokoa majani yaliyonasa kati ya mbao. Majani hayo ni sponji. Theluji itoe kwa beleshi la plastiki, ukifuata urefu wa mbao, usilipitishe kwa upana wake. Acha tabaka jembamba chini badala ya kukwangua. Barafu usiipige kwa shoka wala tindo.

Maswali ya wanachama

*Kutoka Winnipeg:* Shikamoo fundi. Naruhusiwa kumwaga chumvi kwenye ngazi? Mama mkwe anakuja na naogopa asiteleze.

Marahaba. Chumvi ya kawaida inakula skrubu na vishikio vya boriti, na kwa baridi yenu, chini ya nyuzi 10 hasi karibu haifanyi kazi. Mwaga mchanga mkavu, unashika kiatu vizuri. Ukihitaji kuyeyusha, tafuta ile ya kalsiamu-magnesiamu asetati, japo ina bei na nayo hulegea baridi ikizidi. Kwa mama mkwe, hakikisha kwanza mkono wa ngazi hauchezi.

*Kutoka Portland, Maine:* Tukipata theluji nusu mita, deki inaweza kuvunjika?

Tupige hesabu. Deki ya mita 4 kwa 4 yenye theluji nusu mita ina mita za ujazo 8. Theluji nyepesi ya leo ni kama kilo 100 kwa mita ya ujazo, basi una kilo 800. Ikikaa na kulowa hufika 300 na kuendelea: hapo ni kilo 2,400, magari madogo mawili. Deki nzima iliyojengwa kwa kipimo cha kawaida cha Marekani hubeba karibu kilo 195 kwa mita ya mraba, na wewe, kilo 2,400 ukizigawa kwa mita za mraba 16, una 150. Itabeba, ila nafasi iliyobaki ni ndogo, basi msisimame watu kumi juu yake kupiga picha. Zaidi ya hapo, angalia theluji inayoporomoka kutoka paani, inarundikana palepale ukutani. Hiyo itoe mapema.

*Kutoka Des Moines, Iowa:* Jambo fundi. Sisi tunapanga nyumba, tumetoka Uvira. Ngazi ya nyuma inacheza, mwenye nyumba anasema tungoje majira ya joto. Tufanye nini?

Poleni sana ndugu zangu. Piga picha, mwandikie ujumbe wenye tarehe, usimwambie kwa mdomo tu. Asipofanya, piga simu ofisi ya ukaguzi wa majengo ya mji wenu, na muombe mkalimani kama mnahitaji. Wakati mnasubiri, fungeni mlango huo na watoto watumie wa mbele. Msitengeneze wenyewe kwa misumari, maana mtu akiumia mtaulizwa ninyi.

*Kutoka Edmonton:* Fundi, deki yangu ni mpya, mbao za dawa, ina mwezi mmoja. Niipake mafuta sasa kabla baridi haijaingia?

Dondosha maji matone machache juu ya ubao. Yakinywewa ndani ya dakika chache, paka. Yakisimama kama shanga, mbao bado imejaa maji ya kiwandani na mafuta hayataingia.

*Kutoka Edmonton:* Nimedondosha sasa hivi. Dakika kumi, bado yamesimama.

Basi subiri. Jaribu tena baada ya wiki mbili, siku ya jua, umande ukishakauka. Kama baridi itakuwahi, iache bila mafuta mpaka Mei, uwe unaifagia theluji tu.